Mlango Usio Kwenye Ramani

Katika nyumba ya Mzee Kabiru pale Huruma, mjini Eldoret, kila ukuta uliosimama mahali pasipostahili uliwekwa na mkono wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akiishi humo humo. Jina lake Phineas. Alikuwa fundi wa mjengo, mwembamba, mwenye miaka hamsini na tisa na viganja vilivyokauka kwa simiti hadi aliweza kuepua sufuria bila kitambaa. Ukimuuliza amejenga nini maishani, angekutajia shule mbili, kanisa moja, na ukuta wa ua wa tajiri mmoja ambao lori liliwahi kuugonga, likaumia lori. Nyumba ya Kabiru hakuitaja kamwe.

Nyumba yenyewe ilijengwa zamani na babake Kabiru, kwa mawe ya kuchonga, vyumba vinne vya kulala, sebule, jiko, stoo, veranda na mabafu mawili. Ilikuwa ya familia moja. Kisha baba akafa, watoto wakatawanyika, mji ukafura, na Kabiru, ambaye alikuwa na duka mjini na hakupenda kuona nafasi imekaa bure, akamwita Phineas.

"Fundi, hii sebule ni kubwa ya nini? Kwani kuna mtu anacheza mpira hapa?"

Sebule ikakatwa vipande viwili kwa plaiwudi. Mwaka uliofuata ikakatwa tena. Stoo ikawa chumba. Veranda ikazungushiwa mabati, ikawa vyumba viwili. Bafu la pili likawa makao ya Eliakim, fundi wa kuchomelea vyuma, pamoja na mke na watoto watatu, na bomba la kuogea bado lilitokeza ukutani juu ya kitanda chao, wakawa wanaanikia soksi hapo. Mwishowe nyumba ya familia moja ikawa na familia kumi na moja, vyoo viwili, na korido nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja lazima arudi kinyumenyume akiomba msamaha.

Phineas aliona ubaya wa jambo hilo. Fundi akiona ufa haambiwi. Lakini yeye na mkewe Nanzala walikaa chumba cha nyuma kwa kodi nafuu kwa sababu ya kazi hizo, na mtu akishakula cha mwenzake mdomo wake huwa mzito.

Hata hivyo, kulikuwa na kazi moja katika nyumba hiyo ambayo Kabiru hakuiagiza.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, mwezi wa nane, Phineas alimpeleka mwanawe wa pekee, Byron, nyumbani kwao Bungoma kutahiriwa. Kijana alikuwa na miaka kumi na minne. Alisimama imara, hakupepesa jicho, wajomba wakapiga mbinja. Siku za kupona zikaisha, wakarudi Eldoret, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Kijana akishatoka jandoni halali tena chini ya paa moja na mamake, wala hapiti mlango wanaopita wazazi wake kwenda kulala. Kijijini jambo hili halimsumbui mtu. Kijana hujengewa nyumba yake ndogo pembeni ya boma, inaitwa simba, akaishi humo kama mwanamume. Lakini Huruma boma liko wapi? Pembeni ya nini?

Siku tatu Byron alilala kwa rafiki. Siku ya nne Phineas akachukua patasi na nyundo. Alipima upande mmoja wa chumba chao, futi tano kwa saba, akaukata kwa ukuta wa plaiwudi maradufu uliojazwa maranda ili sauti isipite. Kisha akatoka nje, kwenye uchochoro ulio karibu na bomba la maji, akatoboa ukuta wa mawe wa babake Kabiru, akaweka linta, boriti ya simiti ya kubeba mawe ya juu, akapachika mlango wa mbao, akaupaka rangi ya buluu. Kazi ya siku mbili. Jumapili jioni Byron akaingia kwa mlango wake mwenyewe akiwa na godoro kichwani, na Nanzala akapiga kigelegele uchochoroni, watu wa bomba wakashangaa kuna nini. Ilikuwa simba ya futi tano kwa saba, ndani ya nyumba ya Mkikuyu, katikati ya Huruma. Phineas hajawahi kujivunia jengo lolote namna ile, hata kanisa.

Tangu siku hiyo hakukanyaga humo ndani. Baba hapiti mlango wa mwanawe. Nanzala alifagia mara moja moja kijana akiwa shuleni, lakini Phineas aliishia kizingitini.

Sasa kuna maneno ambayo mtu huyasema mara moja na yakamkalia maisha yote. Januari ya mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, Phineas aligundua kwamba Byron, aliyekuwa mwaka wa pili wa kozi ya ujenzi, alikuwa ameacha chuo tangu Septemba na karo yake imegeuka pikipiki ya mkono wa pili. Baba alikuwa amebeba mawe miaka miwili ili mwanawe asibebe mawe. Alisimama uchochoroni mbele ya mlango wa buluu na watu wakichota maji, akafoka mambo mengi ambayo hayakumbuki. Analokumbuka ni hili moja.

"Huu mlango niliufungua mimi! Naweza kuuziba mimi!"

Byron alikunja nguo, akafunga begi nyuma ya pikipiki, akaondoka. Phineas alidhani ni hasira ya jioni moja. Ulimi hauna mfupa, lakini ulivunja mfupa siku ile, na jioni moja ikawa miaka sita.

Haikuwa kwamba kijana amepotea. Kila mtu alijua yuko Kapseret, upande wa uwanja wa ndege, anabeba maziwa ya wakulima kwa pikipiki. Ni mwendo usiofika saa moja. Lakini Kapseret ya mtu mwenye kiburi ni mbali kuliko Mombasa. Mzazi alisubiri mtoto aje aombe radhi. Mtoto naye huenda alikuwa akisubiri kitu, nani ajuaye. Ilipofika jioni Phineas alikaa kwenye kigoda karibu na bomba, akijifanya anapumzika, na kila pikipiki iliyoingia uchochoroni ilipunguza mwendo hapo kwa sababu ya dimbwi, na kila ilipopunguza mwendo moyo wake uliruka, kisha pikipiki ikapita. Kila mwisho wa mwezi alitia bawaba za mlango wa buluu mafuta ya injini, akiwa amesimama nje, ili siku ukifunguliwa usilie. Alimkosa mwanawe jinsi mtu anavyokosa jino. Ulimi ulienda pale pale kila saa.

Kaunti ilikuja mwezi wa tano mwaka huu, baada ya nyumba moja ya mtaa wa pili kushika moto na watu wa vyumba vya nyuma kutolewa kwa kuvunja paa, kwa kuwa korido yao ilikuwa imezibwa ikawa chumba. Hakufa mtu, Mungu ni mwema, lakini picha zilizunguka kwenye simu na ofisi zilizokuwa zimelala zikaamka. Aliyetumwa Huruma ni afisa wa majengo aitwaye Chepkorir, mama wa miaka arobaini hivi, mwenye gambuti, futi ya kuvuta, na nakala ya ramani ya zamani iliyokunjwa hadi mikunjo ikatoboka. Nyuma yake alitembea askari wa kaunti na mkebe wa rangi nyekundu.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha wapangaji. Alisimama katika kila chumba, akatazama ramani, akapima, akasema, "Hii haiko," na askari akachora X. Plaiwudi, X. Mabati, X. Wangeci, muuza mandazi aliyekaa katika kipande cha tatu cha sebule, aliuliza kama X yake inaweza kusogea kidogo, maana hapo ndipo alipotundika picha ya Yesu. Ikasogezwa.

Phineas alifuata nyuma nyuma. Walipofika verandani, Chepkorir aligonga nguzo kwa kifundo cha kidole, akasema bila kugeuka, "Huyu fundi mkono wake ni mzuri. Kujenga anajua. Kile hakujua ni kukataa."

Phineas akatazama viatu vyake.

"Na moto ukianzia hapo jikoni," akaendelea, "hawa watu wa nyuma watatokea wapi?"

Aliyejua jibu alikuwa mmoja, na jibu lenyewe lilikuwa kwamba hawangetokea popote. Phineas alikuwa amepima kila chumba cha nyumba ile isipokuwa njia ya kukimbilia.

Mwishowe wakatokea uchochoroni, na Chepkorir akasimama mbele ya mlango wa buluu.

"Na huu?"

"Huo ni wa kijana wangu, madam. Nilimkatia akitoka jandoni."

Chepkorir akainua mkono, askari akangoja na brashi yake. "Kijana yuko wapi?"

"Hayuko."

"Alikufa? Pole."

"La, hapana! Yuko hai. Hayuko tu."

Akamweleza. Hata yeye alijishangaa. Mambo ambayo hakumwambia pasta wala kaka yake alimwambia mtu wa serikali, wamesimama kando ya dimbwi. Alimweleza kuhusu simba, kuhusu pikipiki, kuhusu neno alilolitoa mbele ya watu.

"Madam, zile zingine zote nitabomoa mwenyewe. Sitabishana. Lakini huu nakuomba uuache. Nilimwambia nitauziba. Sasa akisikia umezibwa, atajua nilimaanisha."

Chepkorir alikuwa Mkalenjin, na hakuhitaji kutafsiriwa jambo hilo.

"Mzee, hata kwetu ni hivyo. Kijana akitoka kule hawezi rudi kulala kwa mama. Nakuelewa kabisa. Lakini mimi natembea na ramani, na ramani haijui mila ya mtu. Nikiacha huu, kesho kila mlango Huruma ni wa kijana wa mtu."

Na lile ndilo lililouma, kwamba alisema kweli. Wangeci naye alikuwa na sababu. Eliakim alikuwa na sababu tatu, na zote zilikuwa zinaenda shule ya msingi.

"Siku kumi na nne," Chepkorir akasema. "Plaiwudi itoke, na hapa pajengwe mawe kama zamani." Alichukua brashi kwa askari, akainama, akachora X mwenyewe, ndogo, chini karibu na kizingiti ambapo haionekani sana. Alipokuwa akiondoka aligeuka. "Na mzee, ukiziba, weka meno. Nitakuja kugonga."

Phineas akaona aibu, kwa kuwa tayari alikuwa ameanza kuiba moyoni. Mafundi wanajua siri hii. Ukiziba mlango na unataka ufunguke tena siku moja, unapanga mawe mapya bila kuyaumanisha na ukuta wa zamani, unapiga plasta juu, na hakuna atakayejua. Lakini ukiuchonga ukuta wa zamani meno, jiwe likaingia ndani ya jiwe, basi pale hapakuwahi kuwa na mlango.

Kabiru naye hakuwa na maneno mengi. "Wewe ndiye ulijenga, fundi. Nani mwingine anajua misumari iko wapi?"

Basi Phineas akaanza kubomoa maisha yake. Alianza na veranda, akaja sebule, akatoa plaiwudi moja baada ya nyingine, na kila alipoitoa aliona alama ya penseli aliyoiweka mwenyewe, vipimo vya mwaka fulani, namba za simu za watu waliokwisha kufa. Siku ya nne mwanga ukaingia sebuleni kutoka dirishani hadi ukuta wa mwisho, jambo lililokuwa halijatokea miaka kumi na mitano. Wangeci alisimama hapo katikati na beseni lake la unga. "Kumbe palikuwa pazuri hivi," akasema, kisha akaenda kutafuta chumba kwingine. Phineas aliwabebea watu vitanda hadi kwenye mkokoteni. Eliakim alihamia Langas. Alimpa Phineas mkono, akamshukuru kwa kumbebea, na hakumlaumu hata kidogo. Ingekuwa afadhali angemtukana.

Ikafika Jumamosi. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Nyumba nzima ilikuwa imerudi kuwa nyumba, na kilichobaki ni ukuta wa maranda na mlango wa buluu. Mawe yalikuwa yamepangwa uchochoroni, mchanga umemwagwa, mifuko miwili ya simiti imefunikwa na nailoni. Phineas alikaa kwenye kigoda chake akiyatazama tangu asubuhi.

"Baba Byron," Nanzala akamwita kutoka mlangoni, akiwa na ungo wa mchele mapajani. "Unangoja nini?"

"Mchanga umelowa."

Mchanga ulikuwa mkavu hadi unapeperuka.

Nanzala alichagua mawe matatu kwenye mchele, akayatupa. "Enda umwambie kabla hujaweka jiwe. Asisikie kwa watu wa bomba."

"Mimi niende? Mzazi amfuate mtoto?"

"Kwani neno lilitoka kwa nani? Si wewe ndiye ulilitoa? Basi lifuate mahali lilienda."

Phineas alinyanyuka, akapangusa suruali. "Hata sijui anaishi wapi huko. Kapseret ni kubwa."

"Ukifika center, shika ya kulia, pita posho mill, hesabu gate ya tatu yenye ua wa miti ya sipres. Kuna mbwa mweupe lakini hana shida."

Phineas akamgeukia. "Na wewe umejua mbwa vipi?"

Nanzala aliendelea kupepeta. "Hizo Jumamosi zote, nani alikwambia niko chama cha akina mama?"

Miaka sita. Alitaka kukasirika, akakuta hasira haiko mahali alipoiacha. Alinunua kilo mbili za sukari na mkate, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, akapanda bodaboda, na njia nzima hakumwongelesha dereva. Alikuwa akipanga maneno. "Si mimi, ni kaunti." Alilirudia hilo moyoni hadi likachakaa. Aliogopa. Mzee mzima, aliyewahi kutembea juu ya kenchi za ghorofa tano bila kamba, aliogopa uso wa mtoto aliyemfundisha kushika mwiko.

Lango la tatu lilikuwa wazi. Mbwa mweupe alimnusa akarudi kulala. Ndani kulikuwa na banda la ng'ombe wawili, shamba dogo la nyasi za nepia, na nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Ndege ilipita chini chini ikienda kutua, kelele ikatikisa mabati, na ng'ombe hawakuinua hata vichwa. Mwanamke kijana akatokea nyuma ya banda akiwa na ndoo. Alipomwona, alisimama hatua kumi mbali. Akamtazama mikono, kisha akashusha macho, akaweka ndoo chini. Hakumkaribia wala hakumpa mkono. Kwa jambo hilo Phineas akamjua. Mwanamke asiyewahi kukuona, anayekukaribisha kwa mbali na kukunyima mkono kwa heshima hiyo, ni mkwe wako. Hakuwa ameambiwa kwamba mwanawe ameoa.

"Karibu, Baba," akasema. "Mimi ni Brigid. Byron amepeleka maziwa ya jioni, hakawii."

"Asante, mama."

Akasimama na mkate wake. Baba mkwe hawezi kuingia tu katika nyumba ya mwanawe na kuketi kitini mbele ya mkwe, achilia mbali kulala humo. Akaona jiwe kubwa karibu na banda, akaanza kuliendea.

"Hapana, Baba, usikae kwa jiwe. Mlango wako ni ule."

Alinyoosha kidole. Pembeni ya nyumba, upande unaotazama barabara, kulikuwa na chumba kidogo kilichounganishwa na ukuta lakini chenye kutazama kwingine kabisa. Kilikuwa na mlango wake peke yake. Mlango ulikuwa wa buluu.

Phineas hakuelewa mara moja. "Wangu?"

"Byron aliujenga mwaka juzi. Alisema Baba akija hawezi lala ndani yetu, na hatuwezi kumlaza kwa jirani kama mgeni." Akasita. "Mama ndiye alichagua rangi. Lakini Byron alitukataza tusikwambie. Alisema uje ukiwa umekuja mwenyewe, bila kuitwa."

Brigid akaingia ndani, akarudi na ufunguo, akauweka juu ya kizingiti cha mlango ule, kisha akarudi nyuma hadi kwenye ndoo yake ili mzee auchukue bila mikono yao kukutana. Phineas akauokota. Alikuwa amejiandaa kusukuma kwa bega, kwa kuwa mlango wa miaka miwili usiotumika huvimba. Alipousukuma ukafunguka wenyewe, kimya. Akapitisha kidole kwenye bawaba. Kikatoka kimelowa mafuta ya injini.

Akakaa kitandani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kulikuwa na kigoda, kiko kwenye kona, na msumari ukutani urefu wa mtu mfupi kiasi, urefu wake yeye, wa kutundikia koti. Alilia. Hakuna haja ya kuzunguka. Alilia kwa sauti akiwa amekumbatia mkate, na Brigid aliyekuwa nje akasogeza ndoo kwa kishindo ili mzee adhani hakusikiwa.

Alipomaliza kulia akainua macho, na macho ya fundi hayana adabu, yakaenda moja kwa moja juu ya mlango. Linta ilikuwa imeshuka. Upande wa kushoto, upana wa kidole. Kijana hakuweka nguzo ya katikati simiti ilipokuwa mbichi, jambo alilofundishwa akiwa na miaka kumi. Phineas akacheka akiwa bado na kamasi.

Akasikia pikipiki. Miaka sita alikuwa akisikiliza pikipiki za watu, na hakujua sauti ya hii. Ilipunguza mwendo langoni. Safari hii haikupita.

Byron alikuwa ameongezeka mabega. Mitungi mitupu ya maziwa ililia nyuma yake alipozima injini. Aliona mlango wa buluu uko wazi, akabaki ameshika helmeti kwa muda mrefu, kisha akaja polepole, akasimama nje. Hakuvuka kizingiti. Mlango ule haukuwa wake.

"Baba."

"Kijana."

Maneno yote yaliyopangwa njiani yalikuwa yametawanyika. Phineas akachukua lililobaki. "Kule Huruma mlango wako unazibwa Jumatatu. Si mimi. Ni kaunti. Nilitaka usikie kwangu."

Byron akatazama mikono yake. "Na kama si kaunti, ungekuja?"

Angeweza kudanganya. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angemshika. "Sijui," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe. Kila jioni, pale kwa bomba."

"Mimi pia nilikuwa nangoja," Byron akasema.

Ng'ombe mmoja akakohoa bandani.

"Linta yako imeshuka," Phineas akasema. "Huku kushoto."

"Najua. Nilitaka kuibomoa nirudie." Byron akapangusa uso kwa mkono wa jaketi. "Brigid akaniambia, wacha. Mzee akija akose cha kusema?"

Phineas akaitazama ile linta tena, kisha akamtazama mwanawe aliyesimama nje kwa adabu kama alivyofundishwa. "Jumatatu uje na karai yako," akasema. "Wametaka pale niweke meno, na mimi peke yangu sitaweza."

"Nitakuja, Baba."

Byron akaenda kuitisha chai. Phineas akavua koti, akalitundika kwenye ule msumari, akaacha mlango wazi.